Tindikali Iliyo Chini ya Nyayo: Mafunzo Niliyopata Kwenye Kitalu cha Miche Muleba

Siku hizi mche wa muhumula ukigeuka njano wilayani Muleba, lawama ya kwanza inaangushiwa mvua. Habari hiyo imeletwa vijijini na vijana waliosoma jiografia ya sekondari: kuna mvua ya tindikali, imeua misitu ya Ulaya, basi na kwetu imeshafika. Nimeotesha miche ya miti ya asili katika ukanda huu wa kati ya Kamachumu na Nshamba kwa miaka ya kutosha kuisikia hoja hiyo sokoni, kwenye mikutano ya kijiji, hata msibani. Siidharau. Mvua ya tindikali ipo, na iko karibu nasi kuliko wengi wanavyodhani. Ila kinachodumaza miche ya huku nimekikuta kwingine, na kazi ya kukitafuta imenifundisha mambo ambayo sikuyapata darasani.

1. Mvua haijawahi kuwa maji matupu

Shuleni tulikaririshwa kwamba pH ya 7 ndiyo katikati: chini yake uchachu, juu yake magadi. Ukiishika hesabu hiyo peke yake, utasema kila mvua iliyowahi kunyesha duniani ni ya tindikali. Tone likiwa linashuka huyeyusha hewa ya ukaa iliyomo angani, likafika chini na pH ya 5.6 hivi, pasipo kiwanda wala gari. Na ngazi za kipimo hiki haziko sawasawa kama za rula. Kila ukishuka namba moja, uchachu unazidi mara kumi: mvua ya 4.6 ni kali mara kumi kuliko ya 5.6, ya 3.6 ni kali mara mia.

Kwetu kuna nyongeza zake. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi za usiku. Anayelala Kemondo au kisiwani Bumbire hahitaji kuambiwa. Joto la radi huunganisha naitrojeni na oksijeni ya hewani, na mwisho wake mvua inabeba tindikali kidogo ya naitriki, ambayo kwa mmea ni mbolea. Kisha kiangazi kikifika, kuanzia Juni, watu wanachoma rweya, yaani nyanda za nyasi zilizo nje ya mashamba ya nyumbani, na moshi wa nyasi nao unaacha angani tindikali nyepesi, mojawapo ikiwa ndiyo ile ya siki. Kule Zoétélé, kusini mwa Kameruni, katikati ya eneo la misitu, watafiti walipima mvua wakapata wastani wa pH karibu 4.9. Hakuna tanuru la shaba pale.

Mvua ya tindikali ya vitabuni ni kitu kingine. Mkemia Robert Angus Smith aliipa jina hilo mwaka 1872, baada ya kuchunguza mvua ya Manchester na miji mingine ya viwanda ya Uingereza. Chanzo kilikuwa makaa ya mawe: salfa iliyomo ndani yake inaungua, inapanda kama gesi, inakutana na unyevu na kuwa tindikali ya salfa. Marekani, kwenye msitu wa Hubbard Brook katika jimbo la New Hampshire, Gene Likens na wenzake walianza kukinga mvua mwaka 1963 wakaikuta na pH ya 4 na kidogo. Sisi Kagera hatuna mtambo wa makaa. Umeme wetu kwa miaka mingi umevuka mpaka kutoka Uganda, ukizalishwa na maji ya Nile. Hata nikeli ya Kabanga kule Ngara, kwa mipango iliyotangazwa, itasafishwa Kahama kwa njia ya maji na kemikali, bila tanuru la kuyeyushia madini. Anayetaka kuushitaki moshi wa kiwanda kwa ajili ya mche wake wa Muleba ana kazi ya kumtafuta mshitakiwa.

2. Anayetaka kuiona mvua yenyewe aangalie Goma

Weka kidole kwenye ramani pale Muleba mjini, kisha kisogeze magharibi. Kitapita kusini mwa Kayanga, kitaingia Rwanda, kitapita jirani na Kigali, na baada ya kilomita 270 hivi kitakuwa Goma, chini ya mlima Nyiragongo. Pale mvua ya tindikali si somo la jiografia. Baada ya mlipuko wa Januari 2002, ambao lava yake ilipita katikati ya mji, ziwa la lava lilijijenga upya ndani ya kasoko, na kwa miaka iliyofuata mlima ukawa unatoa gesi ya salfa kwa maelfu ya tani kwa siku, hadi ulipolipuka tena tarehe 22 Mei 2021 na ziwa lile likatoweka. Wakulima wa vijiji vilivyo chini ya moshi huo wameona majani ya maharagwe na migomba yakiungua. Wanaokinga maji ya mvua kwenye mabati wamekunywa floridi iliyozidi kiasi, maana mlima huo hautoi salfa peke yake.

Sasa, mtu wa Muleba atauliza: moshi huo haufiki huku? Upepo wa ukanda wetu kwa sehemu kubwa ya mwaka unatoka mashariki. Kwa hiyo moshi wa Nyiragongo mara nyingi huelekea ndani ya Kongo na kutuacha. Nimeshukuru jiografia kwa hilo.

Goma inatufaa kwa jambo jingine: inatuonyesha tindikali ya kutoka juu inaacha alama gani. Inaacha madoa. Jani linaungua pale tone lilipokaa, upande wa juu, na majani machanga ndiyo yanayoumia zaidi. Watafiti wa Viçosa nchini Brazili walipoinyunyizia miche ya miti ya kitropiki, mmojawapo ukiwa ule unaoitwa Genipa americana, maji yenye pH ya 3.0, walipata madoa ya namna hiyo. Wachina nao walijaribu ngazi mbalimbali kwenye mbegu na miche ya miti ya majani mapana, na madhara ya wazi yalitokea kwenye 2.0, uchachu wa maji ya limau. Hakuna wingu la Muleba lililowahi kumwaga maji ya limau.

Miche ninayoletewa haina madoa. Ina rangi ya njano inayoanzia kwenye majani ya chini, mishipa ikibaki kijani, au ina wekundu wa zambarau pembeni mwa jani, na zaidi ya yote imegoma kukua. Hiyo ni dalili ya mmea unaoteswa kutoka chini.

3. Mche usomwe kuanzia mzizi

Hili ndilo somo lililonigharimu muda mrefu kuliko mengine, na ndilo ninalolitumia kila wiki.

Chukua mbegu za muhumula za mti mmoja. Nusu ziweke kwenye viriba vilivyojazwa udongo wa kibanja, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba, nusu kwenye viriba vya udongo wa rweya uliochotwa kilimani. Wiki za mwanzo hutaona tofauti, na hapo ndipo watu wanapopotea. Mche mchanga bado unakula akiba aliyoacha mama yake ndani ya mbegu. Haujaanza kuutegemea udongo. Majani mawili ya kwanza yanatoka mazuri pande zote mbili. Akiba ikiisha, upande wa kibanja unaendelea kupanda na upande wa rweya unasimama. Mvua iliyozinyeshea pande zote mbili ni ileile moja.

Chana viriba, osha mizizi kwenye beseni, ilaze juu ya gunia. Mizizi ya kibanja ni mirefu, myeupe kwenye ncha, yenye nywele nyingi. Ile ya rweya ni mifupi, minene kama imevimba, ina rangi ya kahawia, na matawi yake ni ya kuhesabu. Mkulima yeyote akiiona mara moja hataisahau, hata kama hajui kusoma.

Anayefanya hivyo ni alumini. Udongo wa sehemu kubwa ya Muleba na Bukoba umetokana na mawe ya mchanga, maskini tangu asili yake, na juu yake imenyesha mvua ya maelfu ya miaka. Bukoba mjini hupata milimita 2,000 hivi kwa mwaka, kiasi ambacho mikoa mingi ya Tanzania haikioni hata nusu. Maji hayo yakipita kwenye udongo huchukua kalsiamu, magnesiamu na potasiamu na kuzishusha mbali na mizizi. Nafasi zao zinashikwa na haidrojeni, ambayo ndiyo uchachu wenyewe. Alumini imejaa kwenye kila udongo, na kwa kawaida imejifungia ndani ya udongo wa mfinyanzi, haimdhuru mtu. Lakini pH ikishuka kuelekea 5 na kupita hapo, inaanza kuyeyuka, na ncha za mizizi zinaacha kurefuka. Fosforasi nayo, hata ukiiweka, inakamatwa na alumini pamoja na chuma na kuwa kama haipo. Ndiyo ule wekundu wa zambarau kwenye jani.

Kwa hiyo wanaosema mvua imeiharibu miche hawajakosea kabisa. Mvua ndiyo iliyofanya. Ila ni mvua safi, iliyoanza kazi hiyo kabla babu zetu hawajafika na ng'ombe wao, na hakuna sheria ya kuzuia moshi itakayoirudisha kalsiamu iliyokwisha kwenda.

4. Kibanja kilitengenezwa na watu

Wageni wakipita barabara ya Muleba wanaona migomba, mibuni na mishambya imesongamana kuzunguka nyumba, kisha ghafla nyasi tupu, na wanadhani Mungu aliigawa ardhi hivyo. Udongo wa asili pande zote mbili ni wa ukoo mmoja. Tofauti imeletwa na mikono. Kwa vizazi, Wahaya wamekata nyasi za rweya wakazileta nyumbani: za kuezekea msonge, za kutandika ndani, za kufunika shina la mgomba. Ng'ombe walichungwa rweya mchana, wakalala nyumbani, na samadi ikabaki kibanjani. Majivu ya jikoni, maganda ya ndizi, mabaki ya samaki, vyote viliishia palepale. Kila mwaka rweya ilitoa, kibanja kikapokea. Ukipima leo, kibanja cha zamani kinaweza kuwa kati ya 5.5 na 6.5 wakati rweya ya hatua chache kutoka hapo iko chini ya 5.

Mzee mmoja wa Kamachumu aliniambia jambo hili kwa upande wake: "Waitu, rweya si masikini, rweya ni mama aliyenyonyesha mno." Sina cha kuongeza.

Sotoka ya miaka ya 1890 ilipofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki, mzunguko huo ulipata kilema, na katika kaya nyingi haukurudi kama ulivyokuwa. Leo familia nyingi hazina hata ng'ombe mmoja. Vibanja vinagawanywa kwa watoto, na watoto wanajenga hadi rweya, mahali ambapo samadi haikuwahi kufika. Wanapanda mti wa babu kwenye udongo ambao babu hakuupandia mti.

Kuna wanaoniuliza: kama rweya ni chachu hivyo, misitu ya zamani iliotaje? Msitu ulikuwa na utajiri wake juu, kwenye majani na magome, ukiuzungusha wenyewe: jani likianguka, mizizi ya juujuu inalidaka kabla mvua haijalipora. Ukikata miti na kuichoma, unakuwa umetoa hazina yote kwa mkupuo. Na kukata kulianza zamani sana. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba Katuruka, karibu na Maruku, na pwani ya Kemondo, akakuta matanuru ya kufulia chuma ya zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita, mengine ya zamani zaidi. Chuma hakifuliwi bila makaa, na makaa hayapatikani bila mti. Vilima vinavyotuzunguka vimekuwa na deni kwa muda mrefu.

5. Miti haivumilii sawasawa

Pita Muleba uhesabu kilichopandwa rweya: paini na mikaratusi. Watu wanadhani ni mapenzi ya wizara. Miti hiyo imeenea kwa sababu inavumilia uchachu, basi. Paini ina wasaidizi pia, kuvu wanaoishi kwenye mizizi na kuitafutia fosforasi; paini zilipoletwa Afrika Mashariki zilidumaa hadi vitalu vilipochanganya udongo uliotoka chini ya paini kubwa. Miti yetu nayo ina kuvu wake wa mizizini, wa jamii nyingine. Ndiyo maana kila kiriba changu kina konzi ya udongo wa chini ya mti mama. Wateja wananicheka.

Kwa niliyoyaona, mushambya ndio mstahimilivu zaidi kati ya miti ya asili tunayoiotesha. Hausitawi rweya, lakini haufi upesi, na ukipewa samadi unasamehe. Mtoma unashika kwa kipande cha tawi, kwa hiyo unaanza maisha na akiba kubwa kuliko mbegu. Muhumula unakimbia kama umepata udongo, na kama haukupata unasimama mkavu bila hata kujaribu. Inashangaza, kwa sababu mti huohuo ni jeuri kwingine. Jina lake la kisayansi, Maesopsis eminii, linamkumbuka Emin Pasha, aliyeanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Ulipopelekwa Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, hondohondo walizibeba mbegu zake hadi ndani ya msitu, na leo wahifadhi wa kule wanauhesabu kuwa mvamizi. Mtu wa Tanga akisikia ninaubembeleza kwa samadi ananiona nimechanganyikiwa.

Mvule ndio ulionishangaza kupita yote. Maseremala wa zamani wanajua kuna mivule yenye jiwe ndani ya gogo, jeupe, linalovunja meno ya msumeno. Jiwe hilo ni chokaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Neuchâtel, Uswisi, waliifuatilia mivule ya Ivory Coast na kueleza inavyotokea: mti unavuta kalsiamu kutoka ardhini na kuiweka kwenye tishu zake kama chumvi ya oksaliki, tishu zinapooza, bakteria wanaila chumvi hiyo na kuacha chokaa. Udongo unaozunguka shina, ambao ulikuwa mchachu, unapanda hadi kuvuka 7. Yaani mvule mkubwa hujitibia udongo wake na wa majirani zake. Shida ni kuufikisha huo ukubwa. Mche wa mvule hauna chokaa ya kumpa mtu, wenyewe unaihitaji. Anayekata mvule wa mwisho wa kibanja chake anaondoa na kiwanda cha chokaa kilichokuwa kikifanya kazi bure.

Dalili nzuri ya nje, kwa asiye na kipimo, ni chai. Mashamba ya chai ya Maruku yako pale kwa sababu chai hupenda uchachu, kati ya 4.5 na 5.5. Mahali chai inapofurahi, usitegemee muhumula ufurahi.

6. Kuna tindikali tunayoinunua

Sijui kwa nini hili halisemwi kwa sauti. Mche ukidumaa, mkulima hukimbilia duka la pembejeo akarudi na SA (salfeti ya amonia), kwa sababu ni mbolea ya chumvichumvi ambayo matokeo yake yanaonekana haraka. Jani linakuwa kijani kwa wiki chache. Lakini bakteria wa udongo wanapoibadilisha amonia ya mbolea hiyo kuwa naitreti, wanazalisha uchachu. Vitabu vya udongo vinakadiria kwamba kila kilo 100 za SA zinadai kilo 110 hivi za chokaa kufuta uchachu wake. Yurea nayo ina deni, dogo zaidi. CAN (naitreti ya amonia na kalsiamu) iko karibu na usawa, kwa kuwa imechanganywa na chokaa. Katika wilaya ambayo udongo uko kwenye 4.8 kabla hujagusa chochote, kuwashauri watu waweke SA kwenye miche ya miti ya asili ni kuwashauri waifanye kazi ya bomba la moshi kwa mikono yao.

7. Majivu yanatibu, yakizidi yanaua

Dawa ya nyumbani ya uchachu ni majivu ya kuni. Yana kalsiamu na potasiamu, na makali yake yanapita 10 kwenye kipimo. Ndiyo maana nawaogopa wanaoyamwaga bila kipimo. Mche uliomwagiwa majivu mabichi shinani huungua, na udongo uliopandishwa kupita kiasi unaficha chuma, majani machanga yanageuka meupe. Mimi huchanganya majivu makavu na udongo kabla ya kujaza viriba, kidogo, nikauacha mchanganyiko ulale wiki mbili ukipigwa na mvua, ndipo nikajaza. Samadi iliyooza inaingia kwa wingi zaidi: inanyanyua pH taratibu, na mboji yake inaishika alumini isiufikie mzizi. Maganda ya kahawa kutoka mashine za kukoboa yana potasiamu nyingi na huku yanapatikana, yaozeshwe kwanza. Chokaa ya kilimo yenye magnesiamu ingekuwa bora kuliko majivu, ila usafiri wake hadi vijijini ni ghali kuliko mfuko wenyewe.

Tiba ya kiriba haitoshi shambani. Mche uliolelewa kwa samadi ukitupwa kwenye shimo la futi moja la rweya, mizizi ikivuka ule udongo wa kiriba inakutana na alumini na kurudi nyuma. Shule moja ya huku ilipanda miche mizuri kilimani siku ya sherehe za kupanda miti. Ilipofika masika ya pili ilikuwa na urefu uleule, na lawama, kama kawaida, ikaenda mawinguni. Shimo la rweya linataka liwe pana, lijazwe udongo wa juu, samadi na majivu, mwezi mzima kabla ya mche kuingia.

8. Pima, na ujue unapima nini

Karatasi za litimasi za shule hazifai kupimia mvua. Maji ya mvua yana chumvi chache mno, na karatasi inayumba. Mvua ikingwe kwenye chombo safi cha plastiki kilicho mbali na paa na miti, ipimwe kwa mita iliyosawazishwa, siku hiyohiyo. Maji yaliyotoka kwenye bati yanaeleza habari za bati.

Udongo ni rahisi zaidi. Mita ndogo ya mkononi, maji yaliyosafishwa, subiri, soma. Ukihitaji kujua alumini na fosforasi, hiyo ni kazi ya maabara, na TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano kule Tanga ndiyo kituo cha taifa cha utafiti wa udongo. Kwa ushauri wa karibu tuna TARI Maruku. Na kabla ya mita zote angalia nyasi. Nyasi ngumu za rweya ambazo wataalamu wameziita Loudetia kagerensis, kwa jina la Kagera yetu, hupenda udongo mwembamba na maskini. Zilipotawala, jibu unalo.

Tena si kila ugonjwa ni uchachu. Vinundu vya kijani kwenye machipukizi ya mvule ni vya mdudu aitwaye Phytolyma, ambaye ameshinda vitalu vingi Afrika. Mche uliokatika shingo asubuhi umekatwa na sota. Na mche uliokatwa usawa wa magoti ni wa mbuzi wa jirani, ambaye hana pH.

Mvua za vuli huanza kwetu Septemba ikiisha. Unayekusudia kupanda miti ya asili msimu huu, usianze kwa kuuliza bei ya mche. Chimba mahali unapotaka kupanda, shuka futi moja, jaza kopo moja la udongo, uje nalo. Tutalipima kwanza. Likisoma 5.5 na zaidi, chukua mihumula na mivule uende nayo siku hiyohiyo. Likisoma chini ya 5, nitakuuzia mishambya michache na kukuelekeza shimo la kuchimba. Mihumula yako nitaibakiza kitaluni hadi utakaponiambia samadi imeingia shimoni.